Uzinduzi wa Mafuriko

Nchi ninayoisimulia haina jina, kwa sababu kila jina lililopendekezwa lilikosa mgeni rasmi wa kulizindua. Msitucheke. Kwetu kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo, hata ukijikwaa juu yake ukang'oka kucha. Zahanati yetu ya mjini ilikaa imefungwa miaka na miaka, ina vitanda, ina dawa, ina hata nesi aliyevaa sare, huku wagonjwa wamelala barazani wakisubiri utepe ukatwe. Waliokufa wakisubiri walipelekwa kwenye makaburi mapya, na kwa kuwa makaburi nayo yalikuwa hayajazinduliwa, wakaendelea kusubiri. Huo ndio ustaarabu wetu, na wageni wanaotutembelea huusifu sana.

Mimi naitwa Shaibu Mng'ombe, Mshereheshaji wa Taifa. Kazi yangu ni kushika maikrofoni na kusema nani aanze na nani amalizie. Kanuni yake kila mtoto wa shule anaijua: huanza wadogo, humalizia wakubwa. Anaanza mwenyekiti wa kijiji, anafuata diwani, unapanda hivyohivyo mpaka umfikie mgeni rasmi, ambaye anasema "itifaki imezingatiwa" na kisha anaongea mpaka jua linawaangusha watoto wa kwaya. Sijawahi kukosea hata siku moja. Nimepewa nishani mbili kwa hilo.

Sasa, mwaka ule Serikali ilinunua kompyuta. Sisemi hizi za mezani ambazo makarani wetu huzifunika kitambaa cha kufuma. Hii ilijaza jengo zima, makabati meusi marefu kuliko mtu, safu baada ya safu, yakinguruma usiku na mchana. Wenzetu wa nje huiita kompyuta kuu. Kwetu neno "kuu" lina mwenyewe, na mwenyewe ni Mkuu wa Nchi, kwa hiyo mashine ikasajiliwa kwa jina la Kompyuta Naibu. Watu wakazoea kuiita Naibu.

Siku ya uzinduzi wake, Waziri wa Sayansi, Mheshimiwa Profesa wa Heshima Hamduni Kipalamoto, alivua miwani kabisa ili tuone machozi yake.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtambo huu unafanya kwa dakika moja hesabu ambazo ninyi nyote hapa, mkikaa chini mkahesabu bila kula, hamtazimaliza mpaka wajukuu zenu wawe na wajukuu! Utatafuta dawa ya malaria! Utapima matairi kabla hayajatengenezwa! Utaijua mvua kabla mvua yenyewe haijajijua!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Na kwa haki ya Mungu, yote aliyoyasema yalikuwa kweli, mashine ile iliweza. Tatizo halikuwa mashine.

Naibu hupokea kazi kwa foleni, na foleni kwetu hupangwa kwa cheo cha mwombaji. Watafiti wa malaria walikuja na faili zao, wakaonekana ni watu wa daraja la chini, wakawekwa nyuma ya mke wa Mkuu, aliyetaka kujua ni vitenge vya rangi gani vinavyoendana na ngozi yake katika kila nuru ya mwaka. Mbele yao pia alisimama Mnajimu wa Ikulu, na mkuu wa polisi (samahani, naibu wa polisi), aliyetaka Naibu akokotoe nani katika nchi hii atamchukia Mkuu miaka kumi ijayo, ili akamatwe akiwa bado kijana na mwenye nguvu. Kiwanda cha matairi kilisubiri, kikachoka, kikarudi kupima matairi yake barabarani pamoja na abiria. Kiwanda cha bia peke yake ndicho kilichoruka foleni, kwa sababu kinatoa fulana za sherehe. Naibu alikihesabia povu kwa wiki nzima.

Halafu ikaja nyama.

Mashine ya namna ile hupata joto kali, kwa hiyo chumba chake hupozwa mfululizo, na umeme wake haukatiki hata nchi nzima ikiwa gizani. Mke wa Katibu wa Wizara ndiye aliyegundua kwamba hakuna jokofu kubwa kuliko hilo. Alianza na mbuzi wawili wa harusi. Ndani ya mwezi mmoja mizoga ilikuwa imening'inia kati ya makabati kuanzia mlangoni mpaka ukutani, kila mmoja una lebo ya cheo cha mwenyewe, na damu ikidondoka kwenye sakafu nyeupe na kukauka chini ya nyaya. Utumbo uliwekwa kwenye ndoo. Msimamizi wa Naibu, Daktari Tausi Malembo, mama mmoja mwembamba aliyesoma hesabu za hali ya hewa ng'ambo, alikwenda kulalamika.

"Kwani mashine inahesabu kwa pua, Daktari?" Waziri alimuuliza. "Nyama inaizuia nini?"

Mimi nilipoingia mle kwa mara ya kwanza, ile harufu ya shombo na baridi ilinishika kooni. Nikaona kinyaa. Nikakimeza, kwa sababu kinyaa changu nacho kilikuwa hakijazinduliwa.

Daktari Tausi hakuwa mjinga. Alitaka kuhesabu mvua ya masika, na alijua akiandika "mvua" atakaa nyuma ya vitenge. Akaandika kwenye ombi lake kwamba anapima iwapo Mkuu atalowa siku ya gwaride. Kazi yake ikapanda juu ya foleni mara moja. Jumatatu asubuhi Naibu akatoa jibu: mvua kubwa itanyesha milimani, na Alhamisi alasiri mto Lumeta utapasua kingo zake na kuingia kijiji cha Kiwamba. Kuhusu gwaride, kutakuwa na jua.

Niwaeleze Kiwamba. Ni kijiji cha bondeni, kiko ng'ambo ya chini ya mto. Ng'ambo ya pili kuna kilima, na kati ya kijiji na kilima kuna daraja zuri la zege lililokamilika mwaka mmoja kabla. Limefungwa utepe mwekundu upande wa kijiji, na mgambo wawili wanaulinda. Watu wa Kiwamba huvuka kwa mitumbwi, wakipita chini ya daraja lao, na wakifika katikati huinua macho kulitazama. Huko ndiko alikoishi mama yake Tausi, Bi Mkejina. Na likizo ile alikuwa amepelekewa mjukuu, Sikitu, binti pekee wa Tausi, aliyetimiza miaka sita.

Nilikuwapo ofisini kwa Waziri, nikipanga ratiba ya wiki, Tausi alipoingia na karatasi mkononi.

"Mheshimiwa, inabidi watu wa Kiwamba wahamishwe. Leo."

Waziri aliisoma karatasi, uso ukamchanua. "Hongera sana, Daktari! Utabiri wa kwanza wa Naibu! Hili lazima Mkuu alizindue mwenyewe." Akanigeukia. "Shaibu, Mkuu ana nafasi lini?"

"Jumamosi, Mheshimiwa."

"Maji yatafika Alhamisi," alisema Tausi.

"Basi yaandikiwe barua kwamba shughuli ni Jumamosi."

Nilidhani anatania. Alikuwa ameshachukua kalamu.

"Mheshimiwa, nakuomba," Tausi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama yangu yuko huko. Mwanangu yuko huko. Tangaza redioni tu, dakika moja."

"Daktari, hii ni mali ya Serikali. Ikitoka kabla ya kuzinduliwa ni uvumi, na uvumi una kifungo. Tena nina wazo. Tufanyie palepale Kiwamba, tuzindue utabiri na daraja kwa pamoja. Tunabana matumizi." Aliegemea kiti akijifurahia, na akaagiza chai.

Tausi alipiga simu akiwa koridoni, mbele yangu, sauti ya mama yake ikinifikia, maana watu wa maikrofoni hatuhesabiwi kuwa watu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Sikitu huyu hapa, anakula embe, kajipaka mwili mzima."

"Mama, nisikilize. Maji yanakuja Alhamisi, mengi. Mchukue Sikitu mpande kilimani leo hii."

Bi Mkejina hakuuliza anajuaje. "Nimekusikia," alisema. "Ila siwezi kupita mlango kwa mlango na mtoto wetu mgongoni nikawanyamazia wenzangu wenye watoto wao. Ngoja nikamwambie mtendaji."

"Mama, mwambie ukiwa umeshavuka!"

"Ngoja, mwanangu. Ni mara moja tu."

Simu ile ilisikilizwa na polisi, kama simu zote za kwetu zinavyosikilizwa. Kosa likaandikwa: kuzindua utabiri bila mamlaka. Lakini Tausi hakupelekwa rumande, kwa sababu alihitajika. Wageni waalikwa walikuwa mia nne, na kila sherehe ya kwetu hufa kwenye viti. Waziri wa Maji hawezi kukaa jirani na Waziri wa Ardhi. Askofu na sheikh lazima wawe umbali sawa na Mkuu, bila kuzidiana hata unene wa kidole. Bwana mmoja wa bunge ana wake wanne, kila mmoja mwenyekiti wa kamati, na hakuna anayepaswa kumuona mwenzake. Zamani nilipanga haya kwa mkono na mara zote tuliishia kurushiana soda. Safari hii Waziri aliamuru Naibu apange. Tausi akanyang'anywa simu, akafungiwa ndani na Naibu na nyama, nami nikawekwa pamoja naye kumsomea nani kagombana na nani.

"Simamisha viti, nipe nusu saa tu nirudie hesabu ya mto," aliniomba Jumanne.

"Daktari, viti viko juu kwenye foleni," nilimjibu. Ndivyo ilivyokuwa.

Basi mashine iliyoweza kutafuta dawa ya malaria ikakaa siku tatu inatafuta pa kukalisha makalio. Kila ilipokaribia jibu, Ikulu iliongeza mgeni, tukaanza upya. Tausi alikuwa amejifunga kanga mbili kwa baridi, na kila baada ya muda aliutazama mlango. Mzoga wa mbuzi wa Katibu ulikuwa ukimgusa begani, akachoka kuusukuma.

Ya Kiwamba niliyajua baadaye. Bi Mkejina alifika kwa mtendaji, kijana mmoja aitwaye Mlekwa, mwenye suti aliyoiazima kwa ajili ya Jumamosi.

"Bibi, hiyo habari ninayo," Mlekwa alimwambia. "Ila naisubiri Jumamosi. Nikiijua leo nafukuzwa kazi."

Akamkumbusha pia kwamba hakuna ruhusa ya mtu kutoka kijijini, kwani Kiwamba imepangiwa kutoa umati. Bibi akaenda mtoni kutafuta mtumbwi. Hakuna. Yote ilikuwa imekusanywa na kupelekwa ng'ambo ya kilimani kupakwa rangi za bendera, na rangi ilikuwa haijakauka. Akaenda darajani. Mgambo wakamwonesha utepe. Jumatano akarudi kwa Mlekwa, akafukuzwa. Alhamisi akarudi tena.

Alhamisi hiyo, akiwa bado anabishana pale ofisini, mwalimu alipita nyumbani kwake akamchukua Sikitu. Kwaya ya kumpokea Mkuu ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye mchanga wa kando ya mto, na Sikitu, kwa kuwa ametoka mjini na ana matamshi safi, alikuwa amechaguliwa kughani shairi la kumshukuru Mkuu kwa kuleta mvua. Watoto walipangwa kwa mistari kuelekea majini, ambako jukwaa lingejengwa. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, ili mgeni rasmi awaone wote. Itifaki.

Maji yalikuja alasiri, juani, bila tone la mvua, kama Naibu alivyosema. Bi Mkejina aliyasikia kabla ya kuyaona. Alikuwa na kisu cha kukatia mboga kwenye mkunjo wa kanga. Alikimbilia darajani, akaukata utepe. Mgambo mmoja alimshika mkono, mwenzake alikuwa ameshatimua mbio juu ya daraja, wa kwanza kulitumia. Kijiji kizima kikapita pale, wazee, wagonjwa, mbuzi, na Mlekwa na suti yake. Watoto wa mistari ya nyuma walipanda ukingo wakawahi. Wa mstari wa mbele hawakuwahi. Walikuwa saba.

Saa hiyohiyo, kule kwenye baridi, Naibu alipata kiti cha mwisho. Waziri aliingia akishangilia, akamkumbatia Tausi. Alikuwa ameshapigiwa simu kutoka Kiwamba. Kwenye korido aliniambia, akipangusa mikono kwa leso kwa sababu ya damu ya mbuzi, "Msiba huu bado haujazinduliwa, Shaibu. Asiambiwe mtu."

Jumamosi tulikwenda. Maji yalikuwa yamepungua yakaacha tope mpaka madirishani, na harufu ambayo sitaki kuieleza. Kilimani walijenga jukwaa lenye mapazia, na wageni mia nne wakakaa bila ugomvi hata mmoja. Sijawahi kuona viti vilivyopangika vile. Wenyeji walipewa fulana za kiwanda cha bia, wakazivaa, maana nguo zao zilikuwa zimekwenda. Bi Mkejina hakuwapo, alikuwa ameshakamatwa. Nyama ya chumbani kwa Naibu ilikuwa ikichomwa nyuma ya jukwaa. Tausi aliketishwa safu ya tatu, kiti alichokokotolewa, na alikuwa akizungusha kichwa kwenye umati, uso hadi uso.

Fundi cherehani alikuwa ameushona utepe. Mkuu akaukata tena. Kisha Waziri akafungua bahasha yenye lakiri na kusoma kwa sauti ya radi: "Kompyuta Naibu anatabiri kwamba siku ya Alhamisi, alasiri, mto Lumeta utafurika!"

Polisi wakawanyanyulia wananchi virungu, wananchi wakapiga makofi.

"Ndugu zangu," aliendelea, "utabiri huu umetimia kwa asilimia mia moja, hata kabla haujatangazwa! Nchi gani nyingine imefikia hapo?"

Baada yake ikaja namba sita kwenye ratiba. Ratiba ilikokotolewa pamoja na viti, ukitoa kipengele kimoja vinavurugika vyote. Na mimi sijawahi kukosea. Nikashika maikrofoni.

"Shairi," nikasema. "Litaghaniwa na mtoto Sikitu, wa mstari wa mbele."

Nikaishusha maikrofoni kwenye kimo cha mtoto, kama ratiba ilivyoelekeza, nikarudi nyuma. Ilisimama pale peke yake, inavuma. Muda wa shairi ulikuwa dakika tatu. Mkuu alitazama saa. Mtu fulani kwenye safu ya pili alikuwa akitafuna mfupa. Nikamuona Tausi akiitazama maikrofoni, halafu akawatazama wale watoto waliobaki, warefu watupu, halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimemsomea majina mia nne kwa siku tatu. Lile moja, la mwanawe, sikumsomea. Alipoanza kulia, Waziri aliinama kwa Mkuu akamweleza kwamba ni furaha ya kisayansi.

Kesi ya Bi Mkejina ilisikilizwa mwezi uliofuata. Alishtakiwa kwa kuzindua daraja bila mamlaka. Waliomba nije kutangaza hukumu kwa maikrofoni, kwa sababu mahakama ilijaa watu waliopita kwenye lile daraja. Tausi alisimama ukutani, amejifunga zile zile kanga mbili. Kule mjini Naibu alikuwa akipanga viti vya harusi ya binti wa Katibu.

"Unakiri uliukata utepe?" hakimu aliuliza.

"Niliukata."

"Kwa idhini ya nani? Uzinduzi lazima uwe na mgeni rasmi. Mgeni rasmi wako alikuwa nani?"

Bibi alifikiri kidogo. "Maji," alisema.

Watu waliguna. Hakimu aligonga meza. "Usilete dhihaka mbele ya mahakama. Mnajua ninyi itifaki ni kitu gani?"

"Naijua, baba," alisema Bi Mkejina, taratibu, kama anayemjibu mtoto. "Na ilizingatiwa. Yalianza na wadogo."

Hakimu alisoma hukumu: miaka miwili. Alinipa ishara niitangaze. Nikainua maikrofoni mpaka mdomoni, na ile harufu ya chumba cha baridi ikanipanda kooni pale pale. Niliiweka mezani, nikatoka nje, nikatapika kwenye ngazi za mahakama, bila kumsubiri mgeni rasmi.